Koki ya shawa ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuweka katriji ya seramiki

Ukurasa huu ni wa wenye mabafu ya zamani: koki mbili zimezama ukutani, moja ya maji moto na moja ya baridi, bomba moja linapanda hadi kwenye shawa, na vigae ambavyo duka lililoviuza lilishafungwa. Mabafu ya namna hii yamejaa Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Ngamiani Tanga, Ganjoni na Tudor kule Mombasa, na katika nyumba za watumishi wa mashirika kila mahali. Maghorofa mengi ya Upanga na Kariakoo yalikuwa tayari yana wapangaji mwaka 1971, Serikali ya Tanzania ilipotaifisha majumba ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kwa hiyo koki nyingi zilizomo zina zaidi ya miaka 50, na mwili wake wa brasi bado ni mzima kabisa. Kilichochoka ni kichwa chake tu, nacho kinabadilishika: mahali pake huwekwa katriji ya seramiki, yaani kichwa cha kisasa kinachoziba maji kwa visahani vigumu badala ya washa ya mpira.

Fundi aliyekuja amesema lazima avunje vigae atoe koki nzima. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya yote.

Koki ya ukutani ina sehemu mbili. Kuna mwili, kipande cha brasi kilichofungwa kwenye mabomba na kufukiwa kwa saruji. Halafu kuna kichwa, yaani ule mkusanyiko wa spindo (kishina kinachozungushwa na kishikio), washa (kipande cha mpira kinachoziba maji) na nati, unaofungwa ndani ya mwili kwa tredi, zile nyuzi za kuzungushia, kutokea mbele. Kila kinachosuguana na kuchakaa kimo kwenye kichwa, isipokuwa kitu kimoja tu, kiti, yaani ukingo wa brasi ambao washa hukalia, nacho tutakifikia. Kichwa hutoka na kuingia kupitia tundu lilelile ambalo spindo imechomoza. Kigae hakiguswi.

Kuvunja kunakuwa halali pale mwili wenyewe umepasuka, tredi zake za ndani zimeliwa hadi hazishiki, au bomba la chuma nyuma yake limeoza. Dalili yake ni unyevu ukutani. Kama ukuta wa upande wa pili umelowa muda wote, hata mkikaa siku nzima bila kuoga, linalovuja ni bomba linaloleta maji au mwili wa koki. Kama unalowa baada ya kuoga tu kisha unakauka, angalia bomba linalopanda kwenda kwenye shawa, au saruji ya maungio ya vigae iliyofumuka. Ukuta mkavu na shawa inayodondosha matone haviombi nyundo. Fundi akishikilia kuvunja, mwombe kwa upole akuonyeshe kasoro iliyo kwenye mwili wa koki kabla hajaanza.

Nitajuaje kwamba koki imechoka kweli?

Shawa kudondosha kwa dakika kadhaa baada ya kufunga si ugonjwa. Ni maji yaliyobaki kwenye mkono wa bomba yanashuka. Subiri nusu saa, weka ndoo chini, ndipo uhukumu.

Kama inaendelea, koki mojawapo haizibi. Kujua ni ipi, gusa matone kama ni ya vuguvugu, au funga getivalvu (koki ya kufungia bomba) inayopeleka maji kwenye hita uone kama matone yanakoma. Kuvuja kwa namna nyingine ni kule kunakotokea kwenye shina la kishikio, na hutokea koki ikiwa wazi tu. Huko ni pakingi, yaani kizibio kinachoizunguka spindo, iliyokauka, na wakati mwingine hupona kwa kukaza nati ndogo robo mzunguko.

Wengi hulipuuza tone. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukua matone 20 kuwa mililita moja, unapoteza zaidi ya lita 4 kila siku, na kwa mwaka zinapita lita 1,500. Hilo ni tanki zima la nyumbani, na kama ni koki ya maji moto, umelilipia na umeme.

Katriji ya seramiki inatofautianaje na kichwa nilichonacho?

Kichwa cha zamani hufanya kazi kwa kubana. Unazungusha, spindo inashuka kwa tredi, washa ya mpira inakandamizwa juu ya kiti cha brasi, maji yanazibwa. Mtindo huu ulisajiliwa Uingereza mwaka 1845 na kiwanda cha Guest and Chrimes cha Rotherham, na haujabadilika sana tangu hapo. Ni mtindo mzuri na rahisi, lakini kila unapofunga unaula mpira kidogo. Mpira ukiisha unakaza zaidi, ukikaza zaidi unaumaliza haraka zaidi, na mwisho chuma kinakutana na chuma na kiti kinachimbika.

Katriji ya seramiki haibani kwa spindo. Ndani yake kuna visahani viwili vya alumina, seramiki ngumu iliyochomwa kwa joto kali mno, vilivyosuguliwa hadi vikawa bapa kabisa. Vikikutana hunatana kama vioo viwili vilivyolowa. Kimoja hakisogei, kingine huzunguka na kishikio. Kila kimoja kina matundu. Yakikutana maji yanapita, yakipishana maji yanakatika. Kutoka kufunga hadi kufungua ni robo mzunguko, na kwa aina nyingine nusu mzunguko. Alumina ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs chenye mwisho wa 10, ambapo mchanga wa kawaida uko kwenye 7. Ndiyo maana visahani hivyo haviliwi kwa kusuguana.

Sehemu ya mpira ipo bado, ila iko chini ya katriji, inakalia kiti bila kuzunguka. Haisuguliwi, kwa hiyo hukaa miaka.

Kwa nini nisibadilishe washa tu?

Badilisha, kama kiti ni kizima na spindo haichezi. Washa ni kitu cha bei ndogo sana, na kazi yake haifiki nusu saa. Sitamshauri mtu atumie fedha ya katriji kama washa inamkalia miaka mitatu minne.

Ninapoona katriji inafaa ni pale washa mpya inapokufa kila baada ya miezi michache, spindo imelegea hadi kishikio kinayumba, au nyumbani kuna mzee. Hili la mwisho sipendi lichukuliwe kirahisi. Bibi mwenye vidole vinavyouma hawezi kukaza koki ya mpira hadi tone likome. Atafunga kadiri ya nguvu zake, maji yataendelea kutoka, na watu wa nyumbani watamlaumu. Koki ya robo mzunguko anaifunga kwa kiganja.

Nitanunuaje saizi sahihi?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa hiyo twende taratibu. Kanuni ya kwanza: toa kichwa cha zamani kwanza, nenda nacho dukani. Usinunue kwa picha ya simu.

Nchi zetu zilirithi vipimo vya mabomba vya Uingereza, na ndiyo maana hadi leo dukani tunaomba “nusu inchi” na “robo tatu”. Hivyo si vipimo vya tredi unayoiona. Vilikuwa vipimo vya tundu la ndani la bomba la chuma la zamani, ndiyo maana ukipima tredi kwa rula hupati jibu la jina lake. Tredi ya nje ya kichwa cha nusu inchi ina upana wa karibu milimita 21, na ile ya robo tatu ina milimita 26 na nusu hivi. Zote mbili zina nyuzi 14 kwa kila inchi moja. Koki za shawa nyingi ni nusu inchi. Za kujaza beseni la kuogea huwa robo tatu. Koki za China na za Ulaya bara hutumia pia tredi za milimita, ambazo kwa macho zinafanana na zetu. Zikiingizwa kwa lazima hushika mzunguko mmoja au miwili kisha zinakwama, na hapo tredi za mwili ulio ukutani zinaharibika. Katriji sahihi huingia kwa vidole karibu njia yote.

Kipimo cha pili ni urefu. Koki iliyozama ukutani huwa na spindo ndefu, wakati katriji nyingi zinazopangwa mbele ya duka ni fupi, za sinki na beseni la kunawia. Ukifunga fupi, maji yatazibika vizuri lakini kishikio hakitafika. Laza kichwa cha zamani na katriji mpya sambamba, ukilinganisha bega la nati (ule ukingo unaokalia mwili wa koki), si ncha ya chini. Kutoka begani hadi ncha ya juu ndiko kunakoamua kishikio kitakaa wapi. Kutoka begani kushuka chini kwenye mpira ndiko kunakoamua kama katriji itakifikia kiti. Ikipungua hata milimita mbili, mpira hautabana. Ikizidi, nati haitafika mwisho. Kuna vipande vya kurefushia spindo, na vinasaidia kwa upande wa kishikio peke yake.

Tatu, meno ya ncha ya spindo, yale yanayoshika kishikio. Yahesabu. Meno 20 na 24 ndiyo ya kawaida, lakini yako ya idadi nyingine, na koki za zamani zaidi zina ncha ya mraba. Yasipolingana itabidi ununue vishikio vipya pamoja na katriji, jambo ambalo si baya kama vya zamani vimeshapoteza kromu.

Nne, upande. Katriji huuzwa kwa jozi, moja hufunga kwa kuzungusha kulia na nyingine kwa kushoto, ili vishikio vya mkono mrefu vifunguke kwa kutazamana. Alama huwa ni pete au mpira wa rangi nyekundu na buluu. Kama kishikio chako ni cha duara au cha msalaba, upande hauna shida sana, ila zote mbili ziwe zinafungua mwelekeo mmoja watu wa nyumbani wasichanganyikiwe.

Mwisho, ubora. Pale Kariakoo utakuta katriji tatu zinazofanana, bei mbalimbali. Ishike mkononi: ya brasi ina uzito. Angalia pale tredi zilipokatwa: rangi ya njano ni brasi, rangi ya kijivu iliyopauka ni aloi ya zinki, ambayo haidumu kwenye maji ya chumvi. Zungusha spindo. Inatakiwa iende laini, kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, bila kukwaruza.

Naomba hatua za kazi yenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Funga maji. Katika nyumba za zamani getivalvu huwa imeganda au haifungi sawasawa, kwa hiyo funga karibu na tanki, kisha fungua bomba lililo chini kuliko yote ili mabomba yajimwage. Zima hita na uiache ipoe. Ziba tundu la maji machafu sakafuni kwa kitambaa, maana skrubu ya kishikio ikidondoka humo hutaipata tena.

Bandua kile kifuniko kidogo chenye rangi katikati ya kishikio kwa ncha ya kisu. Chini yake kuna skrubu. Itoe, kisha vuta kishikio moja kwa moja kuja kwako. Kikigoma, kimwagie maji ya moto, kitikise kulia na kushoto, vuta tena. Usikigonge kwa nyundo. Spindo ikipinda utaisumbua kazi yote. Nyuma ya kishikio kuna kofia ya kromu, nayo hufunguka kwa mkono ikiwa imezungushiwa kitambaa. Kama imefungwa kwa saruji ya vigae, ikwangue taratibu pembezoni kwa kisu kabla ya kuizungusha.

Sasa utaiona nati ya kichwa, ndani ya tundu. Spana malaya haifiki huko, na ikifika inateleza na kula kona za nati. Tafuta spana ya boksi, lile bomba fupi lenye pembe sita, au soketi ndefu itakayopitisha spindo katikati. Rudisha kishikio kwa muda ufungue koki nusu, ili washa isiwe imekandamiza kiti. Kisha legeza nati kuelekea kushoto.

Ikikataa, acha. Nyuma ya mwili huu kuna bomba la chuma ambalo tredi zake zimeliwa na kutu kwa miaka mingi, au kama bafu lilikarabatiwa, kuna bomba la plastiki lililochomelewa. Ukitumia nguvu za mwili wote unaweza kulisokota bomba ndani ya ukuta, na hapo maneno ya yule fundi wa kuvunja yatakuwa kweli. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha. Asubuhi mwagia nati maji ya moto. Jaribu kwanza kuikaza kidogo sana, uvunje ule ugando, ndipo uilegeze. Mara nyingi utasikia mlio mmoja mkavu, halafu inakuja.

Kichwa kikishatoka, usikimbilie kufunga kipya. Chukua tochi uangalie ndani. Utaona tundu la mviringo lenye ukingo ulioinuka. Hicho ndicho kiti. Kipitishie ncha ya kidole kidogo pande zote. Kiwe laini, bila mfereji wala mkwaruzo. Futa uchafu kwa kitambaa, kisha shikilia ndoo mbele ya tundu na umwambie mtu afungulie maji kwa sekunde chache. Hatua hii wengi huiruka. Kutikisa koki ya miaka 50 kumebandua kutu na chokaa, na uchafu huo usipotoka sasa utaingia kwenye katriji mpya siku ya kwanza.

Paka oringi (pete ya mpira iliyo begani mwa katriji) na mpira wa chini grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando usiyatumie, hutokana na mafuta ghafi na huivimbisha mipira ya aina nyingi. Tepu nyeupe ya bomba nayo iache mfukoni: katriji huziba kwa mpira wa chini na oringi ya begani, haizibi kwa tredi, na kipande cha tepu kikikatika kinaenda kukaa katikati ya visahani. Ingiza katriji kwa vidole hadi ifike, kisha ikaze kwa spana kidogo tu, robo mzunguko inatosha.

Fungua kichwa cha shawa chenye matundu, fungulia maji polepole, acha yapite dakika mbili, ndipo ukirudishe. Angalia begani mwa katriji kwa karatasi kavu ya chooni kabla ya kurudisha kofia. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Kidole kimeona mfereji kwenye kiti. Nifanyeje?

Katriji haitaponya kiti kilichochimbika, mpira wake utakaa juu ya mfereji na maji yatapita chini. Kuna kifaa cha kusagia kiti: kishina chenye jino la duara, unakifunga kwenye tredi za mwili na kukizungusha kwa mkono hadi ukingo urudi bapa. Mafundi bomba wa zamani wengi wanacho, vijana wengi hawana, kwa hiyo uliza kabla hujamwita mtu. Mizunguko michache yenye mkono mwepesi inatosha. Koki nyingine za kigeni zina kiti kinachofunguka kwa ufunguo wa pembe, na hicho hubadilishwa kizima.

Hapohapo kwangua brasi ya kiti kidogo kwa ncha ya kisu. Njano inayong’aa ni afya. Ukiona rangi ya waridi kama shaba nyekundu, na brasi inakatika kwa vumbi, zinki imeshayeyuka ikatoka na imebaki shaba yenye vitundu. Maji ya chumvi hufanya hivyo. Koki ya namna hiyo kweli inastahili kutolewa ukutani, usiitupie fedha ya katriji.

Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Seramiki itadumu?

Visahani havijali chumvi. Chumvi ya kula imeyeyuka majini na inapita; inachoshambulia ni brasi. Adui wa katriji ni chokaa na mchanga.

Chokaa ni kalsiamu inayoganda maji yanapopashwa moto au kukauka, ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika. Maji yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe, kama ya Unguja na maeneo mengi ya pwani, huwa nayo kwa wingi. Ikiganda kwenye katriji kishikio kinakuwa kizito. Dawa yake ni siki: toa katriji, izamishe kwenye siki ya jikoni kwa nusu saa hadi saa moja, utaona povu dogo, kisha suuza na paka silikoni upya. Usitumie asidi ya kusafishia choo, itakula brasi na kromu.

Mchanga ni hatari kwa njia nyingine. Hauwezi kuichimba alumina kirahisi, lakini chembe ikikwama kwenye tundu, visahani havikutani vizuri, na mtu akilazimisha kishikio, seramiki hupasuka. Ni ngumu lakini haina unyumbufu. Weka chujio la wavu kwenye bomba linalotoka tankini, mahali unapoweza kulifungua na kuliosha. Osha tanki lenyewe. Na kwa wanaoishi na mgao wa maji: maji yakirudi huja na tope na kutu ya bomba kuu. Fungua kwanza bomba la nje, liache hadi maji yawe meupe, ndipo mtu aingie kuoga.

Shawa yetu inategemea tanki la juu. Presha itapungua nikiweka seramiki?

Inaweza kupungua, na afadhali kulijua hili kabla ya kununua. Kila mita moja ya kimo cha maji huleta takribani baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Tuseme tanki liko juu ya mnara wa mita 3, na kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka ardhini. Tanki likikaribia kuisha unabaki na mita 1 tu, baa 0.1. Kwa presha hiyo kila kizuizi kinahesabika, na matundu ya visahani vingi ni membamba kuliko njia ya kichwa cha washa, hasa katriji zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya pampu.

Angalia matundu dukani: fungua katriji kabisa uitazame kwa chini. Chagua yenye matundu mapana kama robo mbili za duara. Zile zenye kitundu kimoja kidogo ziache. Za nusu mzunguko hukupa pia nafasi ya kurekebisha maji kidogokidogo. Kabla ya kazi pima muda wa kujaza ndoo ya lita 20 kutoka kwenye shawa, upime tena baada ya kazi, tanki likiwa na maji kiasi kilekile. Ikiwa tofauti ni kubwa na presha yenu ni ya tanki peke yake, rudi kwenye kichwa cha washa bila kusita. Kwa nyumba hiyo ndicho bora.

Tangu tuweke, mabomba yanapiga kishindo tukifunga.

Robo mzunguko hufungwa haraka, na maji yaliyokuwa yanakimbia yanasimama ghafla. Fungeni polepole. Kishindo kikiendelea, bomba fulani limelegea kwenye klipu zake, likazwe.

Kishikio kimoja kinafungua kinyume.

Umeweka ya kulia kushoto. Zibadilishane. Kama ulinunua mbili za upande mmoja, aina nyingi zinakubali kuvutwa mpira wa chini, kutoa visahani na kugeuza kile cha juu robo mzunguko. Fanya hivyo juu ya taulo, kwa mikono safi, na usiguse uso uliosuguliwa.

Tunatumia shawa ya umeme inayopasha maji palepale. Kuna tofauti?

Kwanza zima umeme wa shawa kwenye swichi kubwa, siyo kamba au kitufe cha bafuni, kabla ya kugusa chochote. Halafu kumbuka kwamba shawa hizi hupasha maji kulingana na yanavyopita. Koki ya robo mzunguko ikifunguliwa kidogo hutoa maji machache yenye moto mkali. Wafundishe watoto kufungua koki yote kwanza, wasiingie chini ya maji hadi wamejaribu kwa mkono.

Mimi ni mpangaji. Niseme nini kwa mwenye nyumba?

Mweleze tatizo kwa ujumbe wa simu ulioandikwa, ukiambatanisha video ya tone na bei ya jozi ya katriji, na useme wazi kwamba vigae havitaguswa. “Shikamoo mama, koki ya bafuni inavuja, fundi atabadilisha vichwa tu bila kuvunja ukuta, naomba ruhusa nikate kwenye kodi” ni ombi ambalo mama mwenye nyumba analielewa na analiweza. Vichwa vya zamani usivitupe, ni mali yake.

Niko Marekani, nyumba yetu ina shawa ya vishikio vitatu. Haya yananihusu?

Utaratibu ni uleule, vipimo sivyo. Huko kila kampuni ilikuwa na spindo yake, tredi na meno vyake, kwa hiyo hakuna katriji ya kuingia kwenye koki zote. Tafuta jina la kampuni kwenye kishikio au kofia, nenda dukani na spindo mkononi. Kwa baadhi ya koki za zamani zipo spindo mbadala za seramiki, kwa nyingine utapata za mpira tu. Soketi ndefu za koki za ukutani zinauzwa kwa seti. Kishikio cha katikati ni cha kugeuza maji kati ya beseni na shawa, hicho usikichanganye na vingine viwili.

Nimebadilisha na bado inadondosha. Nianzie wapi?

Anza na uchafu: funga maji, toa katriji, suuza mwili tena, suuza na katriji. Hilo humaliza kesi nyingi. Kisha angalia mpira wa chini, mara nyingine hudondoka au kujikunja wakati wa kuingiza. Halafu kiti, kwa kidole. Halafu urefu: kama mpira hauna alama ya duara iliyokandamizwa, haujakifikia kiti. Na hakikisha kishikio kinafika mwisho wa safari yake. Kikigota kwenye kofia mapema, koki haijafungika ingawa unadhani imefungika. Kitoe, ukirudishe jino moja au mawili nyuma.

Katriji ikichoka, nabadilisha visahani tu?

Visahani huenda kwa jozi, huwezi kuoanisha kimoja kipya na kimoja cha zamani, na madukani mwetu haviuzwi peke yake. Mpira wa chini na oringi unaweza kuvipata. Nunua katriji moja ya ziada siku hiyohiyo, bado duka lina mzigo uleule, na uandike kwenye boksi lake kwa kalamu: saizi ya tredi, urefu, idadi ya meno na upande.